Yaliyomo: Historia Fupi ya Orodha ya Mambo ya Kitabu, toka Gombo hadi Kompyuta

0. Utangulizi

Siku ya kutetea tasnifu, kabla mtahiniwa hajafungua kinywa, wajumbe wa jopo huwa wamekwisha kufungua ukurasa mmoja, nao ni ukurasa wa yaliyomo. Hapo ndipo wanapopima kazi kwa mara ya kwanza: je, sura zinafuatana kwa mantiki? Je, kila sehemu ina uzito wake? Orodha ikisema kwamba sura ya tatu inaanza kwenye ukurasa wa 47, na ukurasa huo ukifunuliwa ukaonekana kuwa katikati ya sura ya pili, mtahiniwa ameanza kushindwa kabla ya kusema neno. Msomaji aliyedanganywa na orodha haziamini tena kirahisi takwimu wala nukuu zinazofuata.

Kosa la namna hiyo ni la kawaida vyuoni. Mara nyingi analaumiwa mpiga chapa, na tangu kompyuta zilipoenea inalaumiwa mashine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kosa lenyewe ni la kale kuliko kompyuta. Linatokana na tatizo moja ambalo waandishi, wanakili na wachapaji wamelikabili kwa karne nyingi: orodha ya mambo hutengenezwa baada ya kitabu, lakini husomwa kabla yake. Anayeielewa historia hiyo ataelewa pia kwa nini programu za kuandikia hufanya zinavyofanya, na namna ya kuziongoza.

1. Neno na maana yake

Kiswahili kimeupa ukurasa huo jina linalostahili kuchambuliwa. Neno «yaliyomo» ni kishazi rejeshi kilichogeuka kuwa nomino. Kiambishi ya- kinapatana na ngeli ya mambo au maneno. -Li- ni shina la kale la kitenzi cha kuwa, wala si alama ya wakati uliopita kama wanafunzi wengi wanavyodhani. -Yo- ni kirejeshi. Na -mo inaonyesha mahali pa ndani. Kwa hiyo «yaliyomo» ni mambo ambayo yamo ndani. Neno linaahidi kutaja mambo, lakini halisemi lolote juu ya ukurasa ambamo kila jambo linapatikana. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu historia ya orodha hii ni historia ya vitu viwili vilivyokutana kwa kuchelewa: majina ya mambo kwa upande mmoja, na nambari za mahali kwa upande wa pili.

Lipo neno jingine, «fahirisi», ambalo pia huandikwa «faharasa». Lilifika kwetu kwa njia ya Kiarabu, nacho Kiarabu kililipokea toka Kiajemi. Katika mwaka wa 987 au 988, mjini Baghdad, Ibn al-Nadim alikipa jina la al-Fihrist kitabu chake kilichoorodhesha vitabu vilivyojulikana kwa Kiarabu. Katika Kiswahili maana ya neno hilo haijatulia. Waandishi wengine hulitumia kwa orodha ya mwanzo wa kitabu, wengine kwa orodha ya maneno kwa alfabeti mwishoni, na wengine kwa orodha ya istilahi.

Nchini Kongo hali hii inaongezewa utata na urithi wa Kifaransa. Desturi ya Kifaransa huweka orodha kamili, yenye vichwa vyote hata vidogo, mwishoni mwa kitabu. Mwanzoni huwekwa muhtasari wa sura kubwa tu. Desturi ya Kiingereza, ambayo vitabu vingi vya Kiswahili vya Dar es Salaam na Nairobi vimeifuata, huweka orodha nzima mwanzoni. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayeandika kwa Kiswahili husimama kati ya desturi hizo mbili, na mara nyingi hulazimika kutengeneza orodha mbili badala ya moja. Kila orodha ya ziada ni nafasi ya ziada ya kukosea.

2. Wakati ambapo ukurasa haukuwa na nambari

Mfano mashuhuri wa kale ni ule wa Mrumi Plinius Mzee. Katika mwaka wa 77 alimtolea Titus, mwana wa mfalme, kazi yake kubwa juu ya maumbile, yenye vitabu 37. Kitabu cha kwanza chote ni orodha ya mambo yaliyomo katika vile 36 vinavyofuata. Plinius alieleza sababu yake waziwazi: Titus alikuwa na shughuli nyingi, na kwa orodha hiyo asingelazimika kusoma yote, wasomaji wengine nao wangetafuta kile tu wanachokihitaji. Tena hakujidai kuwa wa kwanza, kwani alimtaja Valerius Soranus kuwa ndiye aliyemtangulia kufanya hivyo katika lugha ya Kilatini.

Hata hivyo, orodha ya Plinius haikuwa na nambari za kurasa, wala isingeweza kuwa nazo. Vitabu vya wakati ule vilikuwa magombo yaliyokunjuliwa kwa mikono miwili. Orodha ilimwambia msomaji achukue gombo lipi, lakini haikumwambia akunjue hadi wapi.

Katika karne zilizofuata gombo lilipisha kitabu cha karatasi zilizoshonwa upande mmoja, ambacho ukurasa wake waweza kufunuliwa mara moja. Lakini tatizo lilibaki, kwa kuwa kila nakala iliandikwa kwa mkono. Mnakili mwenye mwandiko mpana alitumia kurasa nyingi, na mwenye mwandiko mwembamba alitumia chache. Nambari ya ukurasa iliyokuwa kweli katika nakala moja ilikuwa uwongo katika nakala nyingine. Ndiyo sababu wasomi walitafuta alama zinazofungamana na maneno yenyewe badala ya karatasi. Katika karne ya 4, Eusebius wa Kaisaria aliwekea Injili majedwali kumi ya nambari, ili mafungu yanayolingana yapatikane. Mwanzoni mwa karne ya 13, mgawanyo wa Biblia katika sura, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton, ulienea toka Paris. Hadi leo anayetaja Biblia hutaja sura na aya, wala hataji ukurasa, na kila msomaji hupafikia mahali pale pale hata kama kitabu chake kimechapwa kwingine.

Wanakili wa Kiarabu nao walikuwa na hila yao. Chini ya ukurasa waliandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zisichanganyikiwe. Neno hilo lililinda mfuatano wa kurasa bila nambari yoyote.

Funzo la zama hizo ni hili: alama ya kudumu ni ile iliyofungwa kwenye muundo wa maandishi. Alama iliyofungwa kwenye sura ya nje ya karatasi haidumu. Funzo hilo litarudi tutakapofika kwenye kompyuta.

3. Uchapaji na hila ya nambari za Kirumi

Gutenberg alipochapa Biblia yake mjini Mainz katika miaka ya 1450, jambo jipya lilitokea: nakala nyingi za chapa moja zikawa na kurasa zinazolingana. Sasa nambari ya ukurasa iliweza kuwa kweli kwa wasomaji wote kwa pamoja. Lakini wachapaji hawakuitambua faida hiyo mara moja. Katika mwaka wa 1470, mjini Cologne, Arnold Therhoernen alichapa hotuba ndogo ya Werner Rolevinck yenye nambari kwenye kila karatasi, na jambo hilo likabaki kuwa la ajabu kwa miaka kadhaa. Mwaka wa 1499, mjini Venice, Aldus Manutius alitoa kitabu kikubwa cha Perotti juu ya lugha ya Kilatini, kikiwa na nambari kwenye kila ukurasa, ili orodha yake ya maneno iweze kutumika. Tangu hapo, kidogo kidogo, majina ya mambo na nambari za mahali vikaungana katika orodha moja.

Muungano huo ulizaa mzunguko mgumu. Ili orodha iandikwe, sharti kurasa zote ziwe zimekwisha kupangwa. Lakini orodha yenyewe ni kurasa, nayo hukaa mwanzoni. Ikiwekwa, inazisukuma mbele kurasa zote zinazofuata, na nambari zilizoandikwa ndani yake zinakuwa uwongo papo hapo.

Wachapaji waliukata mzunguko huo kwa hila iliyo rahisi. Maandishi yenyewe yalichapwa kwanza, kuanzia ukurasa wa 1. Kurasa za utangulizi, yaani jina la kitabu, tabaruku, dibaji na orodha, zilichapwa mwisho, nazo zikapewa hesabu yao ya pekee kwa nambari za Kirumi: i, ii, iii, iv. Kwa njia hiyo orodha iliweza kurefuka au kufupika bila kugusa hata nambari moja ya sura. Wanafunzi wengi leo hutumia nambari za Kirumi kwa sababu tu wameagizwa, wakidhani ni pambo. Asili yake ilikuwa kinga.

4. Zama za taipureta

Vyuo vikuu vya Léopoldville na Élisabethville vilipofunguliwa katika miaka ya 1954 na 1956, kazi za wanafunzi zilipigwa kwa taipureta, kwa karatasi za kaboni au kwa stensili. Mashine hiyo haikuwa na kumbukumbu. Mpiga chapa alimaliza kazi yote, kisha akarudi nyuma na kunakili vichwa kimoja kimoja pamoja na kurasa zake. Nukta zinazounganisha kichwa na nambari zilipigwa moja moja kwa kidole.

Kazi ilikuwa ya kuchosha, lakini ilikuwa na heri moja: maandishi yaliyokwisha kupigwa hayakusogea. Mwalimu akidai fungu jipya baada ya ukurasa wa 47, ulipachikwa ukurasa ulioitwa «47 bis», na mengine yote yakabaki salama. Orodha iliyokuwa kweli Jumatatu ilibaki kweli Ijumaa. Kompyuta iliiondoa heri hiyo. Tangu maandishi yalipoanza kusogea kila mara mtu anapoongeza au kufuta neno, orodha iliyoandikwa kwa mkono ikawa na maisha mafupi.

5. Kompyuta: makabila mawili ya programu

Wataalamu wa kompyuta walilishughulikia tatizo hili kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya wale waliotenganisha muundo na sura ya nje. Brian Reid, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, alitetea mwaka 1980 tasnifu juu ya programu yake iliyoitwa Scribe. Ndani yake mwandishi alitamka tu kwamba «hiki ni kichwa cha sura», na programu ikaamua ukubwa wa herufi, ikatoa nambari na kutengeneza orodha. Kabla ya hapo, mwaka 1977, Donald Knuth, profesa wa Stanford, alikuwa amechukizwa na sura mbaya ya majaribio ya chapa mpya ya kitabu chake. Alianza kutunga TeX, programu ya kupanga kurasa. Juu ya TeX, Leslie Lamport alijenga LaTeX, ambayo kitabu chake cha maelezo kilitoka mwaka 1986.

Namna LaTeX inavyotengeneza orodha inafundisha mengi. Katika mzunguko wa kwanza inapanga kurasa zote, na kila inapokuta kichwa inaandika jina lake na ukurasa wake katika faili la pembeni. Katika mzunguko wa pili inalisoma faili lile na kuiweka orodha mahali pake. Iwapo orodha imesukuma kurasa, unahitajika mzunguko wa tatu. Mtumiaji akitumia nambari za Kirumi kwa kurasa za utangulizi, msukumo huo hautokei. Hivyo mashine ya karne ya 20 ilirudia kazi ya mchapaji wa zamani kwa utaratibu ule ule: maandishi kwanza, orodha baadaye.

Njia ya pili ni ya programu za ofisini, zilizolenga kumwonyesha mwandishi ukurasa jinsi utakavyochapwa. Katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, Butler Lampson na Charles Simonyi walitunga Bravo mwaka 1974. Simonyi alihamia Microsoft mwaka 1981, na Word ikatoka mwaka 1983. Wakati huo huo WordPerfect ilienea sana. Katika toleo lake la 5.1, la mwaka 1989, mwandishi alikitia alama kila kichwa, akaonyesha mahali pa orodha, kisha akaiamuru programu iizalishe.

Programu hizi zilikuwa na muundo ndani yake, lakini hazikumlazimisha mtumiaji kuutaja. Aliyetaka kichwa aliweza kuandika maneno, kuyakoleza, kuyakuza na kuyaweka katikati. Kwa macho ya mtu, hicho ni kichwa. Kwa programu, ni aya ya kawaida yenye herufi nene. Shida nyingi za orodha zinazaliwa katika pengo hilo kati ya jicho na mashine.

6. Makosa ya kawaida na asili yake

Makosa yanayoonekana katika tasnifu za leo yanaweza kupangwa katika mafungu matano. Kila moja lina sababu inayoeleweka.

Kwanza, kichwa kinachokosekana. Kimekolezwa kwa mkono badala ya kupewa mtindo wa kichwa, ule ambao katika programu za Kifaransa huitwa «Titre 1», «Titre 2» na kuendelea. Kinyume chake pia hutokea: aya nzima huingia katika orodha kwa sababu imepewa mtindo wa kichwa kwa bahati mbaya. Vilevile mstari mtupu wenye mtindo huo huacha pengo. Tiba haiko ndani ya orodha bali ndani ya maandishi: kila kichwa kipewe mtindo wake, na kila aya irudishiwe wa kwake.

Pili, nambari za zamani. Orodha ya Word huhifadhi matokeo ya hesabu ya mwisho, wala haijibadilishi yenyewe kila neno linapoongezwa. Ni lazima iamriwe, kwa kuichagua na kubonyeza F9. Hapo programu huuliza swali: zisahihishwe nambari za kurasa tu, au orodha nzima? Aliyeongeza sehemu mpya kisha akachagua nambari tu, hataiona sehemu hiyo katika orodha.

Tatu, marekebisho yanayotoweka. Mwandishi husahihisha herufi au nafasi ndani ya orodha, kisha huifanya upya, na kazi yake hufutika. Orodha ni kivuli. Anayetaka kunyoosha kivuli hunyoosha mti. Makosa ya maneno yasahihishwe katika kichwa chenyewe. Sura ya mistari ya orodha nayo ibadilishwe katika mitindo yake ya pekee, ambayo Word ya Kifaransa huiita TM 1, TM 2 na kuendelea. Humo ndimo nukta zinamowekwa pia, kwa kituo cha tabo chenye mstari wa nukta upande wa kulia. Nukta zilizopigwa kwa kidole hazitalingana kamwe, kwa sababu herufi za kompyuta hazina upana mmoja kama zile za taipureta.

Nne, maneno «Erreur ! Signet non défini» yanayotokea penye nambari. Kila mstari wa orodha umefungwa kwa alama iliyofichwa kwenye kichwa chake. Kichwa kikifutwa na kuandikwa upya, au orodha ikinakiliwa na kupelekwa katika faili jingine lisilo na vichwa hivyo, alama hukosekana. Jambo hili hutokea hasa sura zilizoandikwa katika mafaili mbalimbali zinapounganishwa usiku wa mwisho. Tiba ni kuunganisha maandishi kwanza, kisha kuifanya upya orodha nzima.

Tano, kurasa zinazosogea safarini. Faili lililotengenezwa nyumbani hupelekwa kwenye sekretarieti ya mjini ili lichapwe. Kompyuta ya huko ina printa nyingine au haina aina zile za herufi. Mistari hukatika mahali pengine na kurasa hubadilika. Msomaji atatambua hapa shida ya wanakili wa kale: maandishi ni yale yale, nakala ni tofauti, nambari ni uwongo. Njia ya kujikinga ni kuligeuza faili kuwa PDF kabla ya safari. Muundo huo ulitolewa na Adobe mwaka 1993 ili kurasa zibaki zilivyo popote ziendapo.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Aliyevipa vichwa vyake mitindo tangu ukurasa wa kwanza hutumia dakika moja kupata orodha. Aliyengoja hadi mwisho atatumia usiku mzima, na asubuhi orodha itakuwa bado si ya kuaminika.

7. Swali la lugha

Sehemu ya ugumu huu ni ya lugha. Mtumiaji wa Kiswahili hukutana na amri za programu kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, na amri isiyoeleweka vizuri hutumiwa kwa kubahatisha. Juhudi za kurekebisha hali hiyo zimekuwako. Mwaka 2004, mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia ambayo amri zake zilikuwa kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo haikamiliki kwa tafsiri ya maneno tu. Neno «mtindo», kwa mfano, katika mazungumzo lina maana ya namna au mapambo. Mwanafunzi anayeambiwa «tia mtindo» aweza kudhani anaambiwa apambe, ilhali anaambiwa ataje cheo cha maneno yake ndani ya kazi nzima. Pengo kati ya sura ya nje na muundo limejificha hata ndani ya istilahi, na ni jukumu la wanaisimu kulifichua wanapofundisha.

8. Hitimisho

Toka Plinius hadi kompyuta, orodha ya yaliyomo imekuwa ahadi ya mwandishi kwa msomaji asiye na muda. Ahadi hiyo ina uzito zaidi mahali ambapo tasnifu huwekwa maktabani kwa nakala moja au mbili za karatasi. Hapo hakuna mashine ya kutafuta neno ndani yake. Mtafiti aliyesafiri toka mbali na kupewa saa mbili za kusoma hana njia nyingine ila ile orodha. Ikiwa ni kweli, kazi itasomwa na kutajwa. Ikiwa ni uwongo, sehemu iliyo bora yaweza kukaa rafuni miaka mingi bila kuonekana na mtu.

Historia imeonyesha pia kwamba tiba haijabadilika. Wasomi wa kale walifunga alama zao kwenye muundo wa maandishi, na wachapaji wakaitengeneza orodha mwisho na kuipa hesabu yake yenyewe. Programu za leo zinadai mambo hayo hayo mawili, ingawa zinayadai kwa lugha ya mitindo na ya kufanya upya. Mwanafunzi ahakikishe kwanza kwamba kila kichwa kimetajwa kuwa kichwa. Kisha, kazi ikiisha kabisa, aifanye upya orodha, na afungue kurasa tatu au nne kwa mkono wake kuona kama mambo yaliyotajwa yamo kweli.